Nyasi Zinageuka Njano Kila Zikikatwa? Anzia kwenye Urefu

Mtu akinipigia simu kuhusu uwanja wa nyasi unaokufa, mara nyingi huwa ameshanunua mbolea ya yurea. Mfuko uko verandani umefunguliwa, amerusha viganja kadhaa, na nyasi zimezidi kuwa njano. Kabla sijapanda boda boda namwomba jambo moja: chukua rula ya mtoto wa shule, isimamishe udongoni katikati ya nyasi, uniambie zimebaki sentimita ngapi. Jibu la kawaida ni mbili. Hajati mmoja hapa Jinja aliniambia, "Fundi, nyasi hazifiki hata kwenye moja." Sikuhitaji kwenda kutazama. Nilikwenda hata hivyo, maana chai yake huwa na tangawizi ya kutosha.

Mimi nimekulia kambini, baba askari. Kiswahili changu kimetoka huko, na ugonjwa wa kukata fupi nao nimeutoa huko. Kambini nyasi zilinyolewa kama kichwa cha kuruti. Vijijini ua mzuri ni ule uliofagiwa mpaka udongo unang'aa. Shuleni mtoto aliyechelewa anapewa slasha, yaani fyekeo. Basi tumekua tukiamini nyasi fupi ni usafi na nyasi ndefu ni uvivu, au maficho ya nyoka. Juu ya hayo kuna pesa: mkataji analipwa kwa kila mkato, kwa hiyo mwenye nyumba anataka mkato mmoja umfikishe mwisho wa mwezi. "Kata chini kabisa, ikae." Karibu nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanazaliwa na sentensi hiyo.

Kwanza: unakata nyasi gani?

Urefu unaofaa unategemea aina. Ukishika mashine bila kujua aina, unabahatisha.

Neno "pasipalamu" hapa Uganda linauza nyasi zaidi ya moja. Ile ya majani mapana na magumu, inayorusha vijiti virefu vyenye kichwa cha herufi V siku chache tu baada ya kukatwa, wataalamu huiita *Paspalum notatum*. Hii inataka sentimita 7 hadi 10. Mteja aking'ang'ania fupi nashuka hadi 6, chini ya hapo namwambia atafute mtu mwingine. Ile ya majani membamba na laini, *Paspalum vaginatum*, inavumilia sentimita 2.5 hadi 5.

Ukoka wa kawaida, ambao kichwa chake cha mbegu kina vidole vitatu hadi saba vinavyotoka sehemu moja kama mkono uliofunguliwa, unakaa vizuri kati ya 2.5 na 5. Zoisia ni hivyo hivyo. Kikuyu, nyasi ya nyanda za juu ambayo hustawi zaidi kwenye baridi ya Kabale na Kapchorwa kuliko kwenye joto letu, ni 3 hadi 5. Ile inayotambaa yenye jani pana la ncha butu na shina bapa, *Axonopus*, nayo ni 3 hadi 5. Nyasi za Pemba na ndugu zake wa majani mapana manene zinataka 6 hadi 10.

Kama hujui yako ni ipi, iache sehemu ndogo ya hatua moja kwa hatua moja pembeni bila kuikata wiki tatu. Itatoa mbegu na kujitaja yenyewe. Wakati unasubiri, kata kwenye sentimita 6. Huo ni urefu ambao hautaua aina yoyote kati ya hizo.

Huna rula? Kiberiti cha kawaida kikisimamishwa wima ni kama sentimita 5.

Kanuni ya pili nayo ni fupi: usiondoe zaidi ya theluthi ya jani kwa mkato mmoja. Ukitaka nyasi zibaki 6, zikate zikifika 9. Jani ndilo jiko la mmea. Ukilibomoa, nyasi zinasimamisha kazi ya mizizi na kutumia akiba yote kujenga jiko jipya. Ukirudia kila mwezi, mizizi inabaki mifupi, na mizizi mifupi haifiki maji ya Januari.

Neno moja kuhusu maelekezo yanayotoka nje. Mengi ya nyasi za nchi joto yameandikwa kwa watu wa kusini mwa Marekani, ambako nyasi hizi hulala wakati wa baridi na kuamka majira ya kuchipua. Ndiyo maana utaambiwa ukate chini sana mwanzoni mwa msimu ili kuondoa majani yaliyokufa kwa baridi. Sisi Ikweta imetupitia Kayabwe, nyasi zetu hazijui baridi hiyo. Kinachozilaza ni ukame. Kwa hiyo kalenda yetu ni ya mvua: kusini na katikati ya nchi, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kaskazini, msimu mmoja mrefu kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi.

Dalili: uwanja umegeuka njano au kahawia siku ile ile au kesho yake

*Sababu ya kwanza, na karibu kila mara ndiyo: umekata nyingi mno kwa pigo moja.* Chini ya nyasi kuna sehemu ambayo haioni jua, mashina na majani makuukuu. Rangi yake ni ya majani makavu hata kama mmea ni mzima. Ukikata hadi hapo, unachokiona ni nguo ya ndani ya nyasi.

Kagua: inama, tenganisha nyasi kwa vidole. Kama mashina yanaonekana kama vijiti vya manjano na juu yake hakuna jani la kijani, umenyoa.

Tiba: usifanye mengi. Acha kukata mpaka zivuke urefu wako kwa nusu. Mwagilia mara moja au mbili kwa wiki, maji yaingie chini. Weka kopo tupu uwanjani, jumla ya sentimita 2.5 kwa wiki inatosha, na mvua inahesabiwa humo. Yurea isubiri. Nyasi zilizonyolewa na udongo mkavu zikipewa yurea zinaungua. Zikisharudisha kijani, nusu kilo kwa mita za mraba 100 inatosha, na umwagilie papo hapo. Wakati wa mvua uwanja wa ukoka unarudi ndani ya wiki mbili au tatu. Pasipalamu ya majani mapana inachelewa zaidi.

Nami niliwahi kufanya kosa hili mchana kweupe. Familia moja ilikuwa na kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, Jumamosi. Nilikuja Alhamisi, nikataka wageni waone kazi, nikashusha mashine ngazi mbili. Ijumaa asubuhi uwanja ulikuwa rangi ya mkeka. Mahema yalifunika sehemu, lakini picha za bibi harusi zinaonyesha kila kitu, na mama yake hanisalimii mpaka leo. Kama kuna sherehe, fanya mkato wa maana siku saba hadi kumi kabla, kisha siku mbili kabla ya sherehe pitisha mashine kwa urefu ule ule, ikusanye ncha tu.

*Sababu ya pili: nyasi ziliachwa zikawa ndefu mno.* Ulisafiri mwezi mzima wa Aprili, umerudi zimefika gotini. Hapa hata mkato wa sentimita 10 ni kunyoa. Shuka kwa awamu: kwanza ondoa theluthi, subiri siku nne au tano, ondoa theluthi nyingine, mpaka ufike. Majani yaliyokatwa yaondoe, yakilala mafungu mafungu yanaozesha kilicho chini. Katika mikato ya kawaida yaache. Ni mbolea ya bure.

*Sababu ya tatu: mashine imewekwa chini kuliko unavyodhani.* Namba zilizo kwenye wenzo wa urefu, 1 hadi 5 au 7, hazimaanishi sentimita. Ipeleke mashine kwenye sakafu ya saruji, zima, chomoa waya wa plagi, kisha pima kutoka sakafuni hadi makali ya kisu. Andika kipimo hicho kwa rangi kando ya kila namba. Kazi ya dakika kumi, na hutauliza tena.

Kwa slasha hakuna namba, kuna mkono. Usimwambie mkataji "usikate fupi sana". Fupi ya kwake na yako si moja. Mwambie akate kipande cha hatua mbili, simamisha kiberiti, mkubaliane, ndipo aendelee. Na mlipe kwa mwezi, aje kila baada ya siku saba hadi kumi wakati wa mvua, badala ya kumlipa kwa mkato. Nimeona viwanja vilivyopona kwa mabadiliko hayo pekee, bila shilingi hata moja ya mbolea.

Dalili: kwa mbali uwanja una ukungu mweupe au kijivu, kwa karibu ncha zimechanika

Hapa urefu unaweza kuwa sawa. Kisu ni butu. Chuma jani moja, tazama ncha: kisu kikali kinaacha mstari safi, kisu butu kinaacha nyuzi kama mswaki uliochakaa. Nyuzi hizo zinakauka siku ya pili na ndizo zinazoleta rangi.

Uzi wa nailoni wa mashine ya begani unafanya vivyo hivyo kila mara, kwa sababu unapiga, haukati. Unafaa kingo za ukuta na mitaro, uwanja mzima hapana.

Kunoa kisu nyumbani kunawezekana. Zima mashine, chomoa waya wa plagi, laza mashine upande ambao chujio la hewa litatazama juu ili oili isiingie humo. Weka alama ya upande wa kisu unaotazama chini. Fungua, noa kwa tupa ukifuata mteremko wa kiwandani, pande zote mbili sawa. Kisha kitundike kisu kwenye msumari ukutani kupitia tundu la katikati. Upande ukizama, punguza chuma upande huo mpaka kikae mlalo.

Simama hapa: kisu chenye ufa, kilichopinda, au kilicholika kikawa chembamba hakinolewi, kinatupwa. Usikubali fundi akichomelee. Kisu kilichochomelewa kikikatika kwenye mwendo kinaruka kama risasi. Na mashine inayotetemeka mikononi kuliko jana, izime na umpelekee fundi. Huenda shafti imepinda baada ya kugonga jiwe.

Dalili: vipara vinatokea mahali pale pale kila mkato

Kama vipara vina umbo la mwezi mwandamo, mtuhumiwa ni mkono wa slasha au wa mashine ya begani unaoshuka mwisho wa mzunguko. Mashine ya begani hurekebishwa kwa mkanda: ufupishe mpaka kichwa chake kielee sambamba na ardhi mikono ikiwa imelegea.

Kama ni mistari mirefu upande mmoja, magurudumu hayako ngazi moja. Ni jambo la aibu kulitaja, lakini mashine nyingi ninazoitiwa zina gurudumu moja kwenye namba 2 na mengine kwenye 4. Tazama hilo kabla ya lolote.

Kama ni mabaka ya kawaida, ardhi ina vilima na mashimo. Gurudumu likizama shimoni, kisu kinanyoa kilima cha jirani. Sehemu nyingi za Kampala na Jinja uwanja umetandazwa juu ya kifusi cha ujenzi na maramu, kwa hiyo ardhi hushuka kidogo kidogo kwa miaka miwili mitatu. Kwa haraka, pandisha urefu ngazi moja, na nusu ya vipara vitatoweka. Kwa kudumu, subiri mvua zianze, changanya mchanga na udongo mweusi uliochujwa, mwaga tabaka lisilozidi sentimita moja kwenye mashimo, sugua kwa ufagio mpaka ncha za nyasi zitokeze. Rudia baada ya wiki nne. Shimo la kina kikubwa linataka upasuaji: kata nyasi kwa koleo, zifunue kama chapati, jaza udongo, zirudishe, kanyaga.

Kilima kikikua wiki hadi wiki, hicho si kifusi. Vichuguu vya mchwa na marundo ya fuko havisawazishwi kwa reki, vitarudi kesho. Na uwanja ukizama ghafla, hasa karibu na choo au shimo la maji taka, usipitishe mashine, usikanyage, waite mafundi wa ujenzi. Vifuniko vya saruji vya zamani huoza chini kwa chini.

Dalili: magugu yanashinda nyasi

Watu huniuliza dawa gani. Mimi nauliza rula inasema nini. Mbegu nyingi za magugu zinahitaji mwanga ili ziote, na nyasi zilizonyolewa zinafungua dirisha. Kichoma mguu, ambacho Waganda wanakiita sere, kinapenda sana uwanja uliokatwa mpaka udongo ukaonekana. Pandisha urefu hadi kiwango cha juu cha aina yako, kata mara nyingi zaidi, na upe miezi mitatu ya mvua. Ng'oa kwa mkono yale yenye majani mapana kabla hayajatoa mbegu.

Ndago ni kesi nyingine. Zinakua haraka kuliko nyasi, siku tatu baada ya mkato zimeshatokeza juu, shina lake ukilizungusha kwa vidole lina pembe tatu. Urefu utazipunguza nguvu lakini hautazimaliza, kwa sababu zina viazi vidogo chini. Tazama kama sehemu hiyo inatuama maji.

Sangari, lumbugu kwa Kiganda, ndiyo inayonifanya nikune kichwa. Ni nyasi, kwa hiyo dawa inayoiua huenda ikaua na uwanja wako. Inatambaa chini ya ardhi, na kila kipande cha mzizi kinachobaki kinaota. Chimba kwa uma wa shamba, fuata mzizi kwa mkono, usitumie jembe linalokatakata.

Tahadhari ya dawa: glaifoseti haichagui. Nimeitwa mara mbili kwenye viwanja vyenye mistari ya kahawia ya pampu ya mgongoni, mtu alidhani ni "dawa ya magugu tu". Kama hujui kusoma lebo, au lebo imetoka, mwachie aliyesomea. Na majani yaliyopuliziwa dawa usiwape ng'ombe wala sungura.

Dalili: siku mbili baada ya kukata, uwanja umejaa vijiti vya V

Huu si ugonjwa. *Paspalum notatum* ndivyo ilivyo, hasa mvua zikianza. Kosa ni kushusha mashine ili "kuvikomesha". Vijiti vinatoka chini kabisa, vitarudi upesi, na wewe utakuwa umeondoa majani bure. Baki kwenye 7 au 8, noa kisu vizuri maana vijiti hivi ni vigumu na kisu butu huvilaza tu, na wakati wa kilele kata kila baada ya siku tano. Usiyeweza kuvivumilia, badilisha nyasi. Nasema kwa upendo.

Dalili: ukikanyaga unahisi godoro, na kila mkato unaacha kahawia hata ukipandisha mashine

Hii ni ya kikuyu, zoisia na ukoka uliolishwa vizuri. Kati ya majani na udongo kumejengeka tabaka la mashina na mizizi iliyokufa. Mashine inazama ndani yake, kwa hiyo namba 4 inakata kama namba 2. Kata kipande cha pembetatu kwa panga, kama keki, utazame ubavuni: tabaka la kahawia likizidi sentimita 1.25 hivi, umelipata.

Chanzo cha kawaida ni yurea nyingi. Kinachofuata ni kumwagilia kidogo kidogo kila siku, na kuacha zirefuke kupita kiasi halafu kushusha ghafla.

Hapa, na hapa peke yake, nakubali kukata chini makusudi. Ngoja mvua zishike, katikati ya Machi au ya Septemba kwa sisi wa kusini. Shuka sentimita moja kila mkato mpaka chini ya kiwango, chana kwa reki ya chuma kwa nguvu, ondoa takataka, kisha ziache zipande hadi urefu wake. Uwanja utakuwa mbaya wiki tatu. Mwambie mwenye nyumba kabla, na kwa maandishi ikiwezekana. Usijaribu hili kwenye pasipalamu ya majani mapana, nyasi za Pemba, au nyasi yoyote kiangazi.

Dalili: chini ya mwembe au fenesi nyasi ni nyembamba na ndefu, zinaanguka

Zinatafuta jua. Mkataji akiziona zimerefuka anazishusha, na kila akishusha zinapungua. Fanya kinyume: kivulini ongeza sentimita moja au mbili juu ya urefu wa sehemu nyingine, maana jani refu linakamata mwanga zaidi. Pogoa matawi ya chini. Zoisia, *Axonopus* na nyasi za Pemba zinavumilia kivuli kuliko ukoka, ambao hautaki kivuli kabisa. Kama sehemu haipati jua la moja kwa moja hata saa nne kwa siku, acha kupigana nayo. Weka kokoto, weka benchi, kunywa chai hapo.

Dalili: kila kiangazi uwanja unakuwa kama umechomwa moto

Swali la kwanza ni kama zimekufa au zimelala. Shika kishungi, vuta. Zilizolala zinashikilia, na ukikwangua shina karibu na udongo ndani ni nyeupe au kijani kibichi. Zilizokufa zinakuja mkononi kama nywele za mwanasesere. Ukiwa bado na shaka, mwagilia mita moja ya mraba kwa wiki mbili. Zikichipua, uwanja mzima uko hai.

Zilizolala hazihitaji kukatwa. Hii ndiyo sehemu inayowashinda watu: kijana amekuja, siku yake imefika, anataka hela yake, basi anakata kahawia. Mpe kazi nyingine, asafishe mitaro, apogoe ua.

Kinga hufanywa mapema. Mwishoni mwa Novemba, na tena mwishoni mwa Mei kwa wenye misimu miwili, pandisha mashine ngazi moja na uiache hapo mpaka mvua zirudi. Kupandisha hakuhitaji hatua, unaweza kufanya siku moja. Kushusha ndiko kunakotaka subira. Jani refu linafunika udongo, udongo unapoa, maji yanakaa. Kama una maji ya kutosha, jaribu alama ya mguu: pita uwanjani jioni, geuka nyuma, nyasi ambazo hazijainuka zina kiu. Zilizoinuka hazihitaji ndoo yako.

Dalili: urefu ni sahihi, kisu kikali, mvua ipo, na bado zinakufa

Sasa ndipo tunapoacha rula. Kagua kwa mpangilio huu.

Viwavijeshi. Kijani cha jana kimegeuka mabua leo, na ndege wamejaa uwanjani asubuhi. Mwaka 2022 viwavijeshi vya Afrika vilivamia malisho na mashamba katika wilaya nyingi za nchi yetu, na nyasi za nyumbani ni chakula kile kile. Changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita 4 za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba mpakani mwa kijani na kahawia. Kama vipo, vitapanda juu ndani ya dakika kumi.

Mchwa. Nyasi zinakatika chini, na kuna vijia vya udongo juu ya majani makavu. Kiangazi wako kila mahali; wengi wanakula kilichokwisha kufa, usiwasingizie.

Petroli. Baka la duara kama sahani, mahali unapojazia mashine. Jazia barazani, na ngoja injini ipoe kwanza. Nimeona mtu akipoteza nyusi. Mkojo wa mbwa nao unaacha baka, ila kingo zake huwa na kijani kilichokolea.

Kuvu. Maduara yanayopanuka wakati wa mvua nyingi, majani yenye madoa au yaliyooza karibu na shina. Acha kumwagilia jioni, kata nyasi zikiwa kavu. Duara likizidi kupanuka baada ya wiki mbili, usinunue dawa kwa kukisia. Chukua kipande chenye upana wa sahani, nusu nzima na nusu gonjwa, pamoja na mizizi, umpelekee ofisa kilimo wa eneo lako. Udongo wenyewe ukishukiwa, maabara za NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, zilizopo Kawanda hupima udongo, na hapo ndipo utajua kama yurea ilihitajika au la.

Yapo mambo mawili ambayo hata mimi sigusi. Nyuki wakitoka kwenye shimo au ukutani injini inapopita, zima, ondoka, fungia watoto na mbwa ndani, umwite mfugaji nyuki. Mlio wa mashine huwachokoza, na wa kwetu hawasamehe. La pili ni mashine ya umeme yenye waya uliofungwa kwa selotepu, nyasi zikiwa mbichi kwa umande. Mwite fundi umeme atengeneze waya. Nyasi zinaweza kusubiri mpaka Jumatatu.